Kibali Kisichofunguka

Mwalimu amefundisha udereva nusu ya mji wetu. Nusu iliyobaki huvuka barabara kwa tahadhari. Huvaa tai hata Jumamosi. Katika gari la mafunzo huketi kiti cha kushoto, na anapomkemea mwanafunzi hamtazami yeye, huitazama barabara, kana kwamba barabara ndiyo iliyosahau kuwasha indiketa.

Nje ya dini yake ana imani nyingine moja: plastiki. Karatasi ambayo haijapigwa laminesheni kwake bado haijawa karatasi. Cheti cha ndoa kimepigwa. Risiti ya jokofu imepigwa, ingawa jokofu lenyewe lilishakufa zamani.

Basi binti yake wa pekee, anayeishi ng'ambo, akapiga simu. Ujauzito ulikuwa umefika mwezi wa mwisho, mumewe ni baharia na meli ilikuwa haijali mambo ya uzazi, na daktari alikuwa amemkataza kushika usukani.

"Baba, njoo uniendeshe."

Mwalimu alikata simu, akamtangazia mkewe kwa sauti ya mtu aliyeteuliwa kuwa balozi: "Ninahitajika."

Masharti aliyajua. Mgeni anayetaka kuendesha gari kule hubeba leseni yake halisi ambayo muda wake haujaisha, pamoja na kibali cha kimataifa, yaani kijitabu kinachoitafsiri leseni hiyo kwa lugha kadhaa. Kibali bila leseni ni bure. Tena hutolewa nchini kwako kabla hujaondoka; ukishafika ugenini huna pa kukiombea. Mwalimu alikuwa amewahubiria wanafunzi mambo haya miaka yote bila mwenyewe kuvuka mpaka wowote. Alikwenda ofisini na mkewe, wakapanga foleni, akakipata. Kesho yake akakipeleka kwa fundi wa fotokopi.

"Mwalimu, hiki ni kitabu," fundi alisema.

"Ndiyo maana kinahitaji ulinzi zaidi."

"Nikikipitisha kwenye mashine hakitafunguka tena."

"Kwani umewahi kumwona trafiki gani akisoma? Anatazama jalada, anakutazama usoni, basi. Pitisha."

Mashine ilikohoa, ikatoa moshi kidogo, kisha ikatema kitu kigumu kinachong'aa, mfano wa kibao cha kukatia vitunguu katika nyumba ya tajiri.

Kule ng'ambo, alikofika pamoja na mkewe, kabla mgeni hajaligusa gari la binti, jina lake lilipaswa kuongezwa kwenye bima. Karani wa bima alikuwa mama mpole mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni. Alipokea leseni, akaridhika. Akapokea kibali. Akakigeuza. Akakigeuza tena. Akatafuta ukingo kwa ukucha, kisha akasema jambo ambalo binti alilitafsiri taratibu.

"Baba, anauliza kinafunguliwa wapi."

"Mwambie hakifunguliwi. Ni kwa usalama."

"Anataka ukurasa wenye picha na madaraja ya leseni."

"Vyote vipo. Mwambie vipo humo ndani, salama kabisa."

Karani alisikiliza kwa heshima, kama mtu anayeuziwa nyumba isiyo na mlango, akakirudisha kwa mikono miwili.

Nyumbani kwa binti walijaribu kisu cha jikoni. Ukurasa wa picha ulichanika penye pua: juu yakabaki macho yenye mshangao, chini ikabaki tai. Mwalimu alikaa kwenye kochi, akayashika yale mabaki ya uso wake.

"Nimepanda ndege," alisema, "kuja kuchungulia dirishani. Nimekuja kuwa mzigo."

Mkewe alikuwa akikunja nguo za mtoto. "Mimi ninacho," alisema bila kuinua kichwa.

"Unacho nini?"

"Hicho kitabu. Siku ile si ulikwenda kupiga picha ukaniachia nafasi yako kwenye foleni? Zamu ikafika. Ningemwambia yule bwana nimekuja kusimama tu?"

Akakitoa kwenye mkoba. Kilifunguka vizuri, kwa sauti ndogo yenye dharau. Leseni nayo ilikuwepo, hai. Aliisomea kwa mwalimu mwingine, upande wa pili wa mji, jambo ambalo mumewe hulitaja kwa nadra na kwa jina la usaliti.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unahitajika. Sikutaka kukusumbua."

Uchungu ulianza mchana mmoja, jina la mama likiwa limeshaingia kwenye bima, binti akiwa bado anatafuta kiatu. Mwalimu alitangulia mbio, akafungua mlango wa kushoto, akaketi, akafunga mkanda, ndipo akaona usukani mbele yake. Kule usukani uko kushoto. Mazoea yalikuwa yamemkalisha pale pale sheria ilipomkataza.

"Mzee, toka," mkewe alisema.

"Sikukusudia."

"Toka hivyo hivyo."

Wakaondoka kwa mwendo wa maandamano ya kusindikiza jeneza. Mwalimu alikuwa ameapa kunyamaza, na hadi kwenye mzunguko wa barabara alikuwa ameweza. Hapo mkewe alisimama, akatazama kulia kama kwao, akaona kweupe, akaanza kuingia.

"Kushoto," alisema Mwalimu. "Huku wanatokea kushoto, mke wangu. Mwache huyo wa gari jeupe apite. Na huyo wa mizigo. Usikaze mikono. Haya, taratibu."

Alisema kwa upole ambao hakuna mwanafunzi wake atakayekuja kuusadiki. Kwenye kiti cha nyuma, binti aliyekuwa akiguna tangu nyumbani alinyamaza kidogo.

"Baba, endelea kuongea hivyo hivyo."

"Niongee nini?"

"Chochote! Usinyamaze tu!"

Akaendelea. "Punguza. Vuta pumzi. Kuna mlima mbele, usiogope mlima, kila mlima una upande wa pili. Usikaze. Achia kidogo kidogo." Wanawake wawili walimtii kwa pamoja, kila mmoja akiamini anaambiwa yeye, na wote wawili wakafika hospitali wakiwa wazima.

Mkewe alikwenda kutafuta mahali pa kuegesha. Binti aliwekwa kwenye kiti cha magurudumu huku ameing'ang'ania tai ya baba yake, hivyo Mwalimu akalazimika kukimbia ameinama hadi mlango wa wodi ya uzazi. Pale mkunga alivibandua vidole vya binti kwenye tai, kimoja kimoja, akamwonyesha benchi kwa ishara. Mlango ukafungwa.

Mwalimu hakuketi. Alisubiri hadi mguno ulipoanza tena ndani, akasogeza mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Usikimbilie, mwanangu!" alipaza sauti. "Barabara ni yako peke yako! Taratibu!"

"Nakusikia, Baba!"

Mkunga akafungua mlango, akamtazama mzee huyo mwenye tai iliyogeukia mgongoni. Akarudi kazini, mlango akauacha wazi kiasi cha sauti kupita.