Kilwa Hadi Lindi, Yasini Mbili

Nikisikia mlio wa ndege ndogo ikielekea Songo Songo, midomo yangu huanza Yasini yenyewe, hata nikiwa na unga wa muhogo mikononi. Juzi mjukuu wangu akacheka, akafungua simu yake. "Bibi, Kilwa hadi Lindi kwa ndege ni nusu saa tu." Nikamwambia habari hiyo ninayo tangu utoto, na niliipima kwa mdomo wangu mwenyewe.

Shule niliishia darasa la pili, sifichi. Lakini kwenye chuo cha Kurani nilikuwa nimehifadhi Yasini nzima, na katika kijiji chetu cha ujamaa, karibu na Masoko, hakuna mtoto aliyeniweza.

Masika yale Mto Mbwemkuru ulifurika, malori yakalala ng'ambo. Mama alikuwa na uchungu siku ya pili, mtoto kakaa vibaya. Mganga wa zahanati akasema wazi: ni hospitali ya Lindi au msiba. Kwa bahati ndege ya serikali ilikuwa uwanjani Masoko, na rubani akakubali kumchukua Mama na msindikizaji mmoja.

Uwanja ulinuka majani mabichi na mafuta. Bibi, mzaa mama, alikuja na kikapu: mikate ya kumimina, samaki wa kukaanga, kibuyu cha maji. Safari ya Lindi kwa masika tuliijua sisi, siku tatu, na ukilala njiani utakula matope?

"Bibi, ni nusu saa," rubani akasema.

"Nusu saa ndiyo Yasini ngapi?"

Rubani akafikiri kwa adabu. "Mbili, kwa msomaji asiye na haraka."

Bibi akatua kikapu, akanishika bega. "Kapande wewe. Magurudumu yakiinuka, anza. Soma kwa sauti, mama yako akusikie."

"Na wewe?"

"Mimi mzito."

Bibi alikuwa mwembamba kama ufito. Nikaamini.

Tukaruka, tumbo langu likabaki Kilwa. Nilisoma mbio, mbili zikaisha, na chini bado msitu na maji ya udongo. Nikajua tumepotea. Mama alikuwa amelazwa ubavu, jasho linamtiririka, ameuma ncha ya kanga. Akaiachia.

"Umekimbia wewe. Rudia. Taratibu."

Nikarudia, naye akawa anapumua kwa kila aya. Katikati ya hiyo ya tatu, magurudumu yakagusa ardhi ya Lindi. Mdogo wangu alizaliwa kabla ya alasiri. Leo ana mikorosho kunishinda, na shikamoo hunipa kwa kulazimishwa.

Miaka mingi nilijivuna kwamba mimi ndiye niliyemfikisha Mama, na Bibi akaniacha nijivune. Mpaka uzazi wangu wa kwanza, pale Mtanda, Lindi mjini. Nilikuwa nimejikaza vizuri, mkunga ananisifu. Mama akaingia. Kuuona uso wake tu, nikalegea mwili mzima, nikalia anirudishe nyumbani. Akanitazama, akageuka, akatoka. Nikamsikia nje ya dirisha, anasoma Yasini, taratibu.

Mbele ya mama yake mtu hulegea. Mbele ya mwanawe hana njia ila kujikaza. Nikaelewa hapo, kanga i menoni, kwa nini Bibi alibaki uwanjani na kikapu chake. Nikaanza kupumua kwa kila aya.