Kesi ya Simba wa Mbusa

Soko la Bwera, mji wa mpakani, lina kesi zake ambazo hazifiki kortini, na iliyodumu kuliko zote ni kesi ya simba wa Mbusa.

Mbusa alikuwa dereva wa lori la kutembeza watalii, mume wa Biira muuza sombe, yale majani ya muhogo, na samaki wa chumvi. Siku moja, watoto wao wakiwa bado wadogo, alirudi nyumbani kutoka Ishasha, kule kusini mwa mbuga ya wanyama, shati limelowa na linanuka hata mbuzi wakamkwepa. Akaapa kwamba simba aliyelala juu ya mti amemkojolea. Biira, aliyekuwa amemngoja na chakula mpaka kikapoa, alimnusa mara moja tu, akampa mkeka, akamwelekeza jikoni akalale huko na simba wake. Asubuhi jirani alijua, mchana soko zima lilijua, na hukumu ikatoka bila shahidi: mtu kalewa, kajikojolea, kamsingizia mnyama.

Kwamba simba wa Ishasha hupanda miti, hilo hakuna mtu wa wilaya ya Kasese asiyelijua. Lakini kumkojolea dereva? Kila Mbusa alipojaribu kusimulia, akifika kwenye mkojo watu walivunjika mbavu, na kelele zilipotulia kila mtu alikuwa amekwisha rudi kwenye meza yake. Hakuna aliyewahi kumsikiliza mpaka mwisho, mkewe akiwemo. Aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote ni Consolée, mwenye meza ya vitenge na mawese, mama wa Kikongo aliyekimbia kutoka Butembo akaacha vitu vingi nyuma, ila ulimi alikuja nao.

Mbusa alifariki kwa homa, wala kesi haikuzikwa naye. Sokoni Biira alimtetea kwa jino na ukucha. Nyumbani, akiwa peke yake, alikuwa hajui. Hilo ndilo lililomuuma. Ameishi na mtu, amezaa naye, amemzika, na bado hajui kama usiku ule alimlaza jikoni mlevi au mkweli.

Basi kikundi cha akina mama wa soko kilipokutana kuamua akiba yao ya mwisho wa mwaka waifanyie nini, wakati wengine wanataja masufuria, Biira alisimama akasema anataka kwenda Ishasha. Kule Kasese mjini kulikuwa na Ronnie, mwenye lori refu la safari, lenye viti juu, madirisha mapana na mahema yamefungwa nyuma, ambalo msimu wa mvua lililala tu uani kwa kukosa wazungu. Ronnie alikubali upesi. Akina mama nao wakakubali, wachache kwa ajili ya simba, wengi kwa ajili ya kesi.

Kikundi kina sheria yake: anayemsema mwenzake kwa uongo humlipa kuku, tena kwa kuinama mbele ya watu. Kwa hiyo asubuhi ya safari Consolée alifika na kuku jike mwekundu ndani ya kikapu, kichwa nje, akamwonyesha kila mtu.

"Mama Biira, njia ya mwongo iko fupi," alisema akikanyaga ngazi ya lori. "Hii kuku naibeba tu kwa kuitembeza. Itarudia mu nyumba yangu."

"Sawa, Ma Consolée," alijibu Biira. "Itembeze."

Ronnie aliwaambia chakula kipo, mpishi yupo, wao ni wageni, wakae tu. Walimtazama kwa huruma. Wakapakia makaa, ndizi, masufuria, unga wa muhogo wa kusongea bundu, kana kwamba wanakwenda kwa wakwe. Lori likashuka likiimba hadi Kikorongo, likavuka ikweta, ambapo kila mmoja alitaka kupigwa picha mguu huku na mguu kule, na Proscovia muuza nyanya akalalamika kwamba pande zote mbili joto ni lile lile. Pale kwenye daraja la Katunguru waliwatazama viboko, wakakubaliana kwamba ni nyama nyingi iliyokaa bure.

Barabara ya kusini ni ya udongo, na mvua ilikuwa imekwisha pita kabla yao. Kwenye bonde moja lori lilizama hadi tumboni. Ronnie alitoa simu atafute msaada, lakini hakupata mtu wa kusikiliza mpango wake, kwa sababu abiria wote walikuwa chini, vitenge vimekazwa, wengine wanakata matawi, wengine wanayasukuma chini ya magurudumu. Malori yanayoshusha kabichi zao kutoka milimani hukwama kila mvua, na wao ndio huyatoa. Walikuwa wanasukuma kwa wimbo wakati tembo alipotokea kichakani, akasimama kando ya barabara, akawatazama. Wimbo ulikatika. Msukumo uliofuata haujawahi kuonekana Bwera. Lori likaruka nje ya tope, na wanawake walioapa kwamba magoti yao hayapandi tena ngazi walipanda wawili wawili.

Langoni pa Ishasha alisimama askari wa mbuga mwenye mvi, jina lake Yonasani, bunduki begani. Alihesabu watu, akaona kikapu.

"Mama, kuku hapana ingia. Amri."

"Afande, hii si kuku," alisema Consolée. "Iko témoin."

Yonasani alimtoa yule shahidi kikapuni, akamfunga mguu kivulini nyuma ya kibanda, akamwekea maji. Halafu akapanda lori kuwaongoza.

Mchana ule waliona swara kwa mamia, nyati waliolala matopeni, na ndege ambao Proscovia alidai anawafahamu kutoka shambani kwake. Simba, hapana. Mitini mlikuwa na majani tu. Kila mti ulipopitwa ukiwa mtupu Consolée alikohoa kidogo, na Biira, aliyekaa mbele nyuma ya Yonasani, alikaza macho kwenye mti uliofuata. Alianza kujuta. Sokoni angalau kesi ilikuwa na pande mbili. Akirudi bila kitu, itakuwa imekwisha.

Ndipo redio ya Yonasani ilipokwaruza, sauti ya askari mwingine ikasema simba wawili wameonekana. "Wako kwa Mbusa. Narudia, kwa Mbusa."

Biira alishika chuma cha kiti. Lori zima lilimgeukia, kisha likamgeukia Consolée.

"Ba-Mbusa beko wengi," alisema Consolée, na alisema kweli, maana milimani majina hufuata zamu ya kuzaliwa, na kila nyumba iliyojaliwa wavulana wengi ina Mbusa wake.

Biira alimgusa Yonasani begani, akamuuliza kwa sauti ndogo huyo Mbusa ni nani. Ronnie alidakia kwamba ni jina la mti tu, madereva wote wanauita hivyo, yeye aliukuta hivyo hivyo. Lakini Yonasani alicheka peke yake, cheko la mtu aliyekumbuka jambo zuri, akasimulia.

Mbusa huyo alikuwa dereva wa Bwera, alisema. Gurudumu lilipasuka jua likiwa kali, wakaliburuta gari hadi kwenye kivuli cha mti mkubwa. Yonasani, wakati huo askari mgeni kazini, alishuka kukagua. Alitazama majani, akatazama nyuma ya kichuguu, akatazama pande zote. Juu hakutazama. Mbusa akapiga magoti, akaanza kazi, wageni wakiwa ndani. Alipokuwa anakaza nati, mvua ikaanza kumnyeshea shingoni, ya moto, na mbingu ni kavu. Wote wakainua macho. Pale juu ya tawi alilala simba dume, miguu inaning'inia, ametulia kabisa, anajisaidia.

Akina mama hawakucheka. Walikuwa wanamtazama Biira.

"Mimi nasema, kimbia," aliendelea Yonasani. "Yeye hapana kimbia. Gari iko na watu, nati iko moja bado. Anaangalia simba, anasema pole pole: 'Afande, samahani, namaliza sasa hivi.' Anafunga nati. Anapiga saluti. Anaingia gari."

Sasa ndipo lori lilipopasuka kwa kicheko. Biira alicheka akashika tumbo, akacheka mpaka machozi yakamshuka, na hakuna aliyejua yalipoacha kuwa ya kicheko. Huyo alikuwa Mbusa kabisa. Hata askari wa barabarani alikuwa akiwapigia saluti ya namna hiyo. "Mimi nililaza yeye jikoni," alisema, akarudia tena, na Proscovia akamshika mkono.

Walipofika kwa Mbusa, simba walikuwepo kweli, majike wawili kwenye matawi mapana, wamelala. Ronnie alisimamisha lori mbali na kivuli, kwa heshima. Biira aliutazama mti zaidi kuliko wanyama.

Jioni, kabla hawajatoka langoni, Consolée alikuwa amekwisha mfungua kuku. Alimleta kwa mikono miwili, akainama mbele ya wote kama sheria inavyotaka. Biira alimpokea kuku, akampapasa mabawa.

"Kuku nimechukua," alisema. "Sasa hiyo stori ni wewe itasema sokoni, Ma Consolée. Na itasema yote, mpaka kwa saluti."

Kuku huyo hakuchinjwa. Analala jikoni kwa Biira mpaka leo, na hutaga vizuri. Na siku ya soko iliyofuata, Consolée alipanda juu ya kreti ya soda kati ya vitenge vyake, akaita watu. Alipofika kwenye mkojo walianza kuvunjika mbavu kama kawaida yao, naye akawafokea wanyamaze, bado. Akaendelea, gurudumu, nati, afande, hadi akapiga saluti yeye mwenyewe. Biira alikuwa amesimama kwenye meza yake na fungu la sombe mkononi. Alisikia Bwera nzima ikimcheka mumewe, kwa mara ya kwanza, mahali pale Mbusa mwenyewe alipotaka wacheke.