Kikaratasi cha Tumbo Langu

Nichekeni tu, mwenyewe nimeshajicheka. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa: maduka ya mtaa wa Katandala yamejaa redio, hospitalini kwetu bado tunafua glovu na kuzianika. Mimi ndiye nesi niliyechemsha kila kifaa cha upasuaji.

Operesheni ya kwanza niliyofanyiwa mimi mwenyewe iliacha utumbo umeshikana na mirija ya uzazi. Miaka saba sikushika mimba, nikawafumia soksi watoto wa wenzangu. Ndipo daktari mgeni akaniletea kikaratasi kimoja, chembamba kama ganda la kitunguu. Angevitenganisha, akilaze katikati visishikane tena, halafu kingeyeyuka chenyewe tumboni.

Asubuhi ya operesheni yangu ya pili sikumwamini mtu. Nilifungua pakiti, nikakichemsha dakika ishirini. Habari za kuyeyuka nilizisikia, lakini kuchemsha ndiyo kazi yangu!

Nimeshalala mezani, daktari akauliza, "Sista, kiko wapi?"

Nikamwonyesha sufuria, najivuna. Akatumbukiza koleo, ikatoka na ute kama wa mlenda.

"Dada yangu," alisema taratibu, "ulikichemsha?"

Chini ya shuka nilikuwa nimeshika soksi moja nyeupe, ambayo haikuwa ya mtoto wa mwenzangu.