Mlanguzi wa Mvua

Mwavuli uliokaa miaka bila kufunguliwa una harufu yake: kutu, vumbi na kitambaa kilichovunda. Juzi niliufungua wa marehemu baba yangu, ikanijia Temeke yetu ya siku za foleni za sukari, wakati neno "ulanguzi" lilipowatisha wakubwa, na sisi watoto tulilifanya mchezo.

Baba alikuwa mtumishi wa serikali, upande wa hali ya hewa. Redio ikitangaza "mvua za hapa na pale", majirani walimfuata: hapa ni wapi, na pale ni wapi? Naye alijibu, "Ni hivyo hivyo mlivyosikia." Mdomo wake ulikuwa mali ya umma, lakini mwavuli ulimsema. Akitoka nao asubuhi, mtaa mzima ulianua nguo.

Aliyeugeuza kuwa biashara ni jirani yetu Mzee Nandonde, mchonga vinyago. Alishinda nje akichonga mpingo wake, na watu wa mitaa ya mbali, wafyatua matofali na waanika mihogo, walimletea sigara ili awaambie mwavuli umetoka au umebaki. Tulimwita mlanguzi wa mvua, naye alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

Mwaka mmoja Mama alikuwa akifyatua matofali ya udongo. Tulipanga chumba kimoja, na alishachoka kuulizwa na mwenye nyumba nani kamaliza maji. Alitaka kujenga kwake. Matofali aliyafunika kwa makuti, akawa anangoja siku ya jua kali ayakaushe.

Asubuhi moja, Baba alipokuwa anatoka, Mama aliutazama msumari wa kutundikia mwavuli, akauona umebaki. "Leo jua lile, Baba Tatu!" alimwambia Baba kwa furaha, akaanza kuyatoa makuti. Baba alisimama mlangoni akimwangalia. Alifungua mdomo, akaufunga. "Haya, mie natoka," akasema, akaenda zake.

Mchana mvua ilimwagika. Tulikimbilia makuti, tukachelewa. Matofali yalilainika, yakabonyea, yakarudi kuwa udongo. Mama alisimama kwenye tope, kanga imemganda mwilini, wala hakulia. Jioni Baba alirudi amelowa chapachapa. Mama akampa taulo, akapakua chakula. Habari ya nyumba haikutajwa tena.

Baba alipokwisha kustaafu, nilimwuliza habari za siku ile. Alinijibu kama anayesoma taarifa. Mkubwa wake alikuwa amemwita: mvua inalanguliwa Temeke, na mwavuli wako ndio duka. Ikitokea tena, kazi huna. Siku chache baadaye akaiona mvua ile kubwa kwenye ramani za ofisini, kabla redio haijaambiwa.

"Mvua ni ya umma," alisema. "Ningeubeba, ningewapa wachache kabla ya wengine."

"Na Mama je?"

"Mama yako naye alikuwa umma."

Siku hizi kampuni hunitumia kwenye simu mvua ya mtaa wangu, kwa malipo, na serikali hutangaza yake kwa wote. Ninasoma zote mbili, kisha naweka simu mezani.

Utotoni niliamini Baba alikosea utabiri, nikamsamehe siku ile ile. Sasa najua hakukosea, na msamaha ule sijui niupeleke wapi.