Dawa ya Nini

Sidhani kuna neno tunalolitumikisha kama neno dawa. Kuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya panya ambayo panya akiila hufa, na dawa ya mtoto ambayo mtoto akiinywa hupona. Sikio la mtu wa Mombasa halibabaiki kwa hayo, kwa sababu linangoja kile kinachofuata baada ya "ya". Mtu akikwambia "chukua dawa" kisha akanyamaza, utamuuliza palepale: dawa ya nini? Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi miaka mingi, na kila nikifika kwenye somo la a-unganifu, hiyo "ya" yenyewe, moyo hunichafuka, nikawakaripia watoto wasio na kosa. Wao hudhani ni ukali wangu wa kawaida.

Tulikaa Timbwani, ng'ambo ya feri, mama, mimi bintiye na kaka yangu aliyenitangulia kuzaliwa. Mama alikuwa na donda mguuni, juu kidogo ya kifundo, lililotokana na pigo la jembe shambani. Lilikuwa likifunga, likifunguka, likifunga tena. Pale zahanati palikuwa na muuguzi aliyemwosha na kumwambia maneno yaleyale kila mara, kwamba donda hili lina sumu, na sumu ikitoka litafunga moja kwa moja. Mama aliyashika maneno yale. Jirani akimuuliza hali, alijibu kwamba anamshukuru Mungu, hana tatizo ila hii sumu tu.

Zahanati zetu siku zile ulikwenda na chupa yako. Chupa ya soda inaoshwa, inazibwa kwa karatasi iliyokunjwa, na mtoa dawa anakumiminia humo dawa ya maji, ya kikohozi au ya homa. Haikuandikwa chochote. Ulikumbuka kwa rangi na kwa harufu, na kila nyumba ilikuwa na chupa zake juu ya kabati. Hatukuona ajabu yoyote. Ndivyo dawa ilivyopatikana.

Basi mwaka ule redio zilipoanza kuitaja Ghuba katika kila taarifa ya habari, wakaja wageni. Meli zao tulikuwa tumezizoea, na mabaharia wao tuliwajua kwa kustarehe na kuondoka. Safari hii walikuja na kazi. Kwenye uwanja wa nyuma ya kambi ya jeshi walipiga mahema, wakapanga matangi ya maji na malori, na habari zikasambaa kwamba wanajaribu mitambo ya kujikinga na silaha za sumu, yale mabomu yasiyobomoa nyumba bali huichafua hewa, watu wakafa nyumba zimesimama. Walivaa mavazi mazito yaliyotiwa unga wa makaa ndani yake, katika joto la kaskazi, na usoni barakoa za mpira zenye pua nene. Watu wa Timbwani hawakuchelewa. Siku ileile waliwapa jina, watu wa mapua.

Kaka alipata kibarua pale. Kila jioni alirudi na visa. Walikuwa na sanduku la kunusa hewa, akasema, likisikia harufu ya sumu linalia, na kuna jingine lenye uwezo wa kuitaja sumu yenyewe ni ya aina gani. Siku moja mwanamke mmoja wa ng'ambo ya ua wa kambi aliwasha makumbi ya nazi apate kupika, moshi ukavuka, sanduku likapiga kelele, na watu wa mapua wakakimbizana kuvaa mapua yao. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Mimi pia nilicheka. Sikuona ubaya wowote katika watu wale, na hilo nalisema ili ijulikane kwamba chuki yangu haikuanza zamani.

Kazi ya kaka ilikuwa kuosha malori. Yaliletwa kutoka upande wa pili wa uwanja, wakaambiwa yamepata sumu. Vibarua walivishwa glavu, wakapewa brashi za mipini mirefu, wakayapaka malori maji fulani mazito yenye harufu ya kukata pua, kisha baada ya muda yakamwagiwa maji kwa mpira wa bomba. Kaka alisema walikuwa wakizuia pumzi, na mwenzake mmoja alikuwa akipiga shahada kila lori likikaribia. Mwenye kuwaelekeza alikuwa mwanajeshi wetu, mtu wa bara, aliyewafasiria wageni. Wageni walisema maneno marefu, na yeye akayafupisha: hii ni dawa, pakeni. Kaka akauliza kama ambavyo yeyote kati yetu angeuliza. Dawa ya nini, afande? Akajibiwa kwamba ni dawa ya kuondoa sumu, tena inaondoa sumu zote.

Kesho yake kaka alikwenda kazini na chupa. Hakuiba. Nasema hivyo kwa sababu baadaye yalitoka maneno kwamba aliiba. Alimwendea yule mfasiri, akamwonyesha chupa yake ya soda, akaomba kidogo ya nyumbani, na yule akatikisa kichwa kukubali. Labda alidhani kuna kitu anataka kukisugua. Labda hakudhani lolote, jua lilikuwa kali na siku ilikuwa ndefu.

Mama aliipaka baada ya kusali Magharibi. Alisema bismillahi, akachovya pamba, akapaka donda na pembeni yake, akafunga kitambaa safi. Mimi nilirudi kutoka mkutano wa walimu nikamkuta ameuinua mguu juu ya kigoda, leso ameiuma kwa meno. Nilimuuliza kama inachoma. Akasema inachoma sana, na akafurahi kwamba inachoma, maana zile za zahanati zilikuwa baridi kama maji na hazikumsaidia kitu. Kaka alikaa karibu yake akimpepea. Asubuhi tulipofungua kitambaa, ngozi ilikuwa nyeupe kama muhogo uliochemshwa, na ilitoka na kitambaa.

Tulivuka feri naye mpaka hospitali kubwa ya ng'ambo. Daktari alikuwa kijana, mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala. Alinusa ile chupa akageuza uso upesi. Akaniuliza hii ni nini. Nikamwambia ni dawa, na yeye akauliza dawa ya nini, nikamwambia ilitoka kambini kwa wageni, ya kuoshea malori. Aliagiza mguu uoshwe kwa maji, ukaoshwa na kuoshwa, lakini kila siku ule ubaya ulizidi kwenda ndani. Ndipo akaniita pembeni.

"Mwalimu, hapa nabahatisha," akasema. "Nenda kawaulize wenyewe kilichomo ndani ya chupa hii. Nikikijua, naweza kuuokoa mguu. Nisipokijua, siwezi kukuahidi."

Nilikwenda kwenye lango la kambi. Askari wa zamu alinisikiliza kwa adabu akamwita mfasiri. Nilikuwa nimemchora kichwani mtu mzima mwenye kiburi. Akatoka kijana mwembamba, shati limelowa jasho. Nikamweleza yaliyotokea.

"Mimi sikusema ni dawa ya watu," akasema.

"Ulisema ni dawa ya nini?"

"Ya sumu."

"Na mama yangu ana nini mguuni?"

Akanieleza, taratibu, kwamba wageni walikuwa na neno lao la Kizungu, akalitafutia Kiswahili hakulipata, akaona dawa ndilo lililo karibu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa na haki. Mimi niliyesomea lugha ningesema nini? Nimelitafuta neno hilo tangu siku ile, na kila ninalolipata ni refu mno kwa mtu anayepigiwa kelele juani aharakishe.

Akaja afisa wa wageni. Nilizungumza naye Kiingereza mwenyewe, nisije nikaangushiwa neno jingine njiani. Alivua kofia, akanisikiliza mpaka mwisho, uso ukawa mwekundu, akauliza mama ana umri gani. Kisha akaingia ndani. Nilisimama pale langoni, na nje hapana mti, nikiyaona malori yao yakipita masafi yanang'aa. Alirudi na jibu: uoshwe kwa maji mengi, mara tu baada ya kuguswa. Nikamwambia "mara tu" ilikwisha kupita siku nyingi, na kwamba daktari anataka kujua kilichomo. Akasema hana ruhusa ya kulitaja hilo. Kitu kile kilikuwa sehemu ya mpango mkubwa wa ulinzi, na mambo ya mpango ule hayasemwi langoni.

"Siulizi habari za vita vyenu," nikamwambia. "Nauliza mguu wa mama."

Akasema pole. Naamini ilimtoka moyoni, lakini pole ile sikujua nimpelekee daktari nimwambie aichanganye na nini. Watu wenye sanduku la kunusa hewa na kuitaja sumu kwa jina lake, walishindwa kunitajia kilichomo ndani ya chupa ya soda. Na walikuwa wanakijua! Waliokitengeneza walikuwa wanakijua, waliokibeba baharini walikuwa wanakijua. Tusiokijua tulikuwa sisi tuliokipaka. Nilirudi hospitali na neno moja tu, maji, na daktari akaitika kwa kichwa bila kunitazama.

Waliukata chini ya goti. Kwetu kiungo kikikatwa hakitupwi, kinazikwa, na kaka ndiye aliyekwenda kuuchukua. Aliubeba umefungwa kwa kitambaa cheupe, akavuka nao feri amesimama katikati ya watu, akauzika peke yake. Hakutaka mtu amfuate. Mama alimwita, akamwambia mbele yangu kwamba hana kinyongo naye hapa wala akhera, na kaka akambusu mkono. Lakini hakukaa tena Timbwani. Alihamia Utange, upande mwingine wa mji, akawa haji ila sikukuu, na akija hukaa upande wa pili wa chumba.

Wageni waliondoka na meli zao. Vita vikapiganwa, vikaisha, redio ikarudi kwenye mambo mengine. Wala hapana aliyekuja kuuliza.

Isipokuwa mmoja. Alasiri moja nikasikia hodi, nikatoka, nikamkuta yule mfasiri amevaa kiraia, mkononi ana sukari na leso mpya. Ningemfungia mlango, wallahi, lakini mama aliisikia hodi na akaitika karibu. Alimshika mama mkono kwa heshima akamwamkia shikamoo, mama akaitika marahaba mwanangu. Akakaa kwenye ncha ya kiti. Alizungumza habari za mvua, za mamake huko bara, za uhamisho wake, na kila akikaribia lililomleta, alirudi kwenye mvua. Mama akamwonea huruma. Aliona amsaidie kwa kumuuliza habari za kazi.

"Na yale magari mliyokuwa mkiyaosha," akasema, "sumu iliyatoka?"

Kijana hakuelewa. Mama akarudia, pole pole, kama mtu anayeuliza hali ya wagonjwa waliolazwa pamoja naye wadi moja. Alikuwa anataka kujua kwa dhati. Nadhani lingemfariji kujua kwamba dawa ile ilimfaa mtu, hata kama mtu mwenyewe ni lori.

Akanitazama mimi kwanza, kisha akatazama sakafu.

"Hayakuwa na sumu, mama," akasema. "Tuliyamwagia maji ya mfereji tukayaita sumu. Yalikuwa mazoezi tu."

Mama akaivuta leso yake, akaifunika vizuri ile sehemu ambayo mguu ungekuwapo. Kisha akanigeukia.

"Mpe mgeni chai."

"Abee mama," nikasema. Nikaenda jikoni, nikabandika maji, nikalia kwa hasira mpaka yakakauka sufuriani, nikabandika mengine.