Maji ya Alhamisi

Niseme mapema, msomaji asije akadhani anasoma habari za bingwa: mimi ndiye niliyekaribia kuua mzeituni kwa maji mengi, sebuleni kwangu, ghorofa ya kumi na moja, Scarborough, mjini Toronto, katika miezi ileile niliyokuwa nalipwa kuhakikisha mizeituni hainyweshwi kupita kiasi.

Ubingwa niliwahi kuwa nao, angalau machoni pangu. Kabla sijahamia Toronto nilikuwa afisa umwagiliaji Kondoa, nyumbani kwetu, ambako mvua huja ikijisikia. Nilikuwa na pikipiki ya serikali, kofia ya kijani na mdomo usiochoka. Wakulima wa vitunguu waligawana mfereji kwa zamu, na mtu akifungua maji siku isiyo yake, wa bondeni wanakauka. Mimi niliwafokea wote, waliofungua na waliokaukiwa. Nilikuwa na kauli yangu niliyoirudia mpaka watoto wao wakawa wananiigiza: kabla hujaulaumu mfereji, uliza nani kafungua maji. Naomba uikumbuke kauli hiyo, kwa sababu mimi niliisahau.

Toronto vyeti vyangu vya chuo cha kilimo cha Morogoro vilisomwa kwa adabu kubwa, vikarudishwa kwenye bahasha. Nikaingia kiwanda cha mikate. Kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya mkanda unaotembea na kuondoa mikate iliyopinda. Sikuichukia mikate, ila nilikuwa nikiota mifereji.

Ndipo mwaka 2012 nikapata kazi Richmond Hill, kwenye kampuni ndogo iliyotengeneza vipima unyevu wa udongo kwa ajili ya mashamba ya mizeituni ya nchi kame. Mwenyewe alikuwa Muirani wa makamo, mpole, ambaye kwao walilima zeituni tangu enzi za babu yake. Kifaa chake kilikuwa chuma chenye ncha mbili. Unakichomeka karibu na mizizi, kinatuma habari, na wewe ukiwa ofisini na kikombe chako cha chai unaona kwenye kompyuta mstari ukishuka udongo unapokauka na kupanda maji yanapoingia. Alinipa miezi sita ya majaribio. Nikifaulu, ningesimamia umwagiliaji wa shamba la mteja huko Yordani. Nikishindwa, mikate iliyopinda ilikuwa bado ipo.

Cha ajabu ni kwamba mzeituni nilikuwa sijawahi kuugusa. Niliujua kwa vitabu. Ni mti usiopenda kubembelezwa. Kuna majira unatakiwa uuache na kiu kwa makusudi, kiu ya kipimo, na ukiuonea huruma ukaulowesha kila mara mizizi inakosa hewa na kuoza. Kwa mtu wa Kondoa hilo ni somo gumu. Kwetu, kumwacha kiumbe na kiu huku maji yapo ni jambo la kusutwa.

Bosi akanikabidhi mzeituni mchanga kwenye chungu, urefu wa kifua changu, na kipima kimoja kipya. "Weka nyumbani kwako," akasema. "Hizo nyumba zenu za ghorofa wakati wa baridi ni kavu kuliko jangwa. Ukiweza kuutunza huko, utaweza popote." Alisema kweli. Hita ikiwashwa mwezi wa Novemba, nyayo zangu zilipasuka kama za mtu aliyetoka kuvuna Septemba.

Mama yangu alikuwa amekuja Oktoba ile, kwa viza ya kutembelea. Alipouona mti sebuleni aliuzunguka mara mbili. "Huu ndio mzeituni wenyewe?" akauliza. Alikuwa akiyajua mafuta yake tu, kachupa kadogo ka kupaka wagonjwa. Akashika jani, kisha akajipangusa uso kwa mkono uleule, kama mtu aliyetoka kuomba dua. Mimi nikampa mhadhara wa nusu saa. Nikamwambia kwamba mti huu ndio kazi yangu, ukifa na kazi imekufa, kwa hiyo asiuguse wala asiusogeze, hata asipanguse vumbi kwenye majani. Mama akaitikia kwa kichwa. Nilidhani nimeeleweka, nikaanza kutoka asubuhi na kurudi saa moja jioni, mabasi matatu kwenda na matatu kurudi.

Wiki mbili za kwanza mambo yalikuwa sawa. Ya tatu, mstari wangu ukaruka. Nilikuwa sijamwagia hata tone. Nikakichomoa kipima, nikakipangusa, nikakirudisha. Ukashuka taratibu siku kadhaa, halafu ukaruka tena. Nikaacha kumwagilia kabisa. Ukaruka tena. Mwisho wa Desemba majani yalianza kuwa ya manjano na kudondoka, na udongo ulikuwa umelowa kama wa shamba la mpunga.

Mtu mwenye akili angejiuliza nani kamwaga maji. Mimi niliandika ripoti. Ilikuwa na kurasa saba na jedwali la rangi. Nilishuku hita. Nilishuku lifti, kwamba mtikisiko wake unakichanganya kifaa. Nilipanda kwa jirani wa ghorofa ya kumi na mbili kumuuliza kama bafu lake linavuja, akaniruhusu nilikague mwenyewe, nikalikagua kwa tochi. Mwishowe nikahitimisha, kwa Kiingereza kizito, kwamba kipima kinadanganya na kampuni isitishe kukipeleka kwa mteja. Bosi, ambaye kifaa kile alikichora kwa mkono wake, aliisoma hadi mwisho. Akasitisha mzigo wa Yordani, akaniambia Jumatatu nije na mti.

Wiki zote hizo, niongeze hapa ili aibu ikamilike, kila Alhamisi nikirudi mama alikuwa ananipa glasi ya maji. "Sema bismillahi unywe, mwanangu. Nimekusomea." Nilijua ni maji ya dua. Nimelelewa na maji hayo, tangu homa za utotoni hadi mitihani ya darasa la saba. Nikanywa, nikarudisha glasi, nikafungua kompyuta kuhangaika na mstari uliorukaruka. Glasi ilitoka kwenye jagi zima, na sikuuliza hata siku moja yaliyobaki kwenye jagi yanakwenda wapi.

Jumatatu nikaufunga mti kwa kanga mbili za mama kuukinga na baridi, nikapanda nao basi. Watu walinipisha. Bibi mmoja wa Kihindi akaniuliza kama ni mtoto. Pale ofisini bosi hakufungua hata ripoti yangu. Alitandika gazeti mezani, akaupindua mti, akautoa kwenye chungu na kuinusa mizizi.

"Imeoza," akasema. "Nani anaunywesha?"

"Hakuna anayeunywesha. Ndiyo maana nimeandika kwamba kifaa..."

"Mti haujinyweshi." Akageuza kompyuta yake tutazame wote. Mstari wa wiki tisa ulikuwa pale. Akaanza kuweka kidole kwenye kila ngazi ulipoparamia juu, moja baada ya nyingine, bila haraka. "Saa kumi na moja na nusu jioni. Alhamisi. Alhamisi. Hii pia Alhamisi. Mimi si mtu wa dini sana, lakini nina mama. Nyumbani kwako, magharibi ya kuamkia Ijumaa, anakuwepo nani?"

Nilitamani sakafu inimeze. Mtoto wa Kiislamu, niliyepelekwa madrasa kabla ya shule, nilikuwa nimeitazama kompyuta miezi miwili na nisiione Alhamisi. Nikamwambia ni mama yangu. Hakucheka, na hilo liliniumiza kuliko kama angecheka. Alisema kifaa kilikuwa kimesema kweli wiki zote tisa, na kama angekuwa mkulima wa Yordani ningekuwa nimemwambia atupe kitu kizima. Akaikata mizizi iliyooza, akaupanda mti upya kwenye udongo mkavu wenye mchanga. Miezi yangu ya majaribio ikaanza kuhesabiwa upya, kutoka moja. Mti uleule, sebule ileile.

Ningependa kuandika kwamba nilifika nyumbani nimetulia. Nilifika nimefura. Sikusema hata shikamoo.

"Mama, nilikwambia usiuguse ule mti!"

"Sijaugusa," mama akasema. Alikuwa anachambua mchele.

"Umeumwagia maji!"

"Nimemwaga maji. Mti sijaugusa." Akaweka ungo chini. "Wewe ulitaka nimwage wapi? Kwenye sinki? Maji yaliyosomewa yapite kwenye mabomba pamoja na uchafu wa watu wa ghorofa zote hizi? Nyumbani ningemwaga kwenye mpapai. Hapa nje kuna barafu, na mti ni huo mmoja tu, tena mti wenye baraka. Nikaona Mungu ametuwekea."

"Mama, unajua ulikuwa unanifukuzisha kazi?"

"Kazi?" Akanitazama kama mtu asiyeelewa lugha. "Si ndiyo hiyo kazi niliyokuwa naisomea?"

Usiku ule na siku zilizofuata hatukugombana tena, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Alinipakulia chakula, akaniuliza kama nimeshiba. Alhamisi ikafika, nikarudi saa moja, na juu ya meza hapakuwa na glasi. Jagi lilikuwa limeoshwa na kufudikizwa. Mstari wangu siku ile ulishuka vizuri kabisa, kama kwenye kitabu. Nilikuwa nimeutaka mstari ule kwa miezi miwili, na sasa nilijisikia mwizi.

Jumamosi nikakumbuka mimi ni nani. Simaanishi kwamba mimi ni mtoto wake, hilo lilinichukua muda zaidi. Nikakumbuka kwamba niliwahi kugawa maji kwa wakulima arobaini waliochukiana, na nikashindwa kugawa kwa watu wawili wanaopendana. Nikakaa na daftari, nikapima udongo, hewa, majani yaliyobaki na ujazo wa jagi. Nikaenda kukaa kwenye mkeka wake.

"Mama, nimekupangia zamu."

"Zamu ya nini?"

"Ya maji. Kuanzia leo mimi simwagii mti huu. Maji yake yote ni yako. Alhamisi, magharibi, glasi moja na nusu. Yanayobaki kwenye jagi tunayanywa wenyewe."

Akafikiri kidogo. "Moja na nusu haitoshi."

"Mama, ni mzeituni. Unatakiwa uwe na kiu kidogo."

"Mbili."

"Moja na nusu."

"Ulivyo mgumu, masikini ya Mungu, wale wa vitunguu walikuvumiliaje?" akasema, lakini alikuwa anacheka, na Alhamisi iliyofuata glasi yangu ilikuwepo mezani.

Mti ukapona. Mwezi wa Machi ukatoa vijani vidogo vya rangi ya fedha, na mstari wake ukawa na ngazi moja kila wiki, ngazi nadhifu, saa ikisogea mbele kadiri magharibi ilivyosogea. Bosi akaitazama na kunipa Yordani kabla hata miezi yangu ya majaribio haijatimia. Kila asubuhi, kabla sijatazama kompyuta, nilimpigia simu msimamizi wa shamba kule kumuuliza nani kafungua maji. Nusu ya mafanikio yangu kazini yalitokana na swali hilo, na watu wakaniita mtaalamu. Sikuwakatalia.

Mama aliondoka Mei, viza ilipokwisha. Mti nikauhamishia ofisini pamoja na kipima chake, penye dirisha kubwa. Alhamisi ya kwanza nilijaza jagi, nikasimama mbele ya chungu, na nikaona siwezi kumwaga maji matupu. Nikampigia. Kwetu ilikuwa magharibi, Richmond Hill karibu saa sita mchana. Nikaiegemeza simu kwenye jagi.

"Umeiweka karibu na maji?" akauliza.

"Imekaribia kutumbukia, mama."

Akasoma hadi mwisho. Wenzangu walikuja na vyakula vyao vya mchana, wakatukuta, wakarudi nyuma kwa ncha za vidole. Bosi akapunguza redio. Nami nikamwaga glasi moja na nusu, ingawa nilimwambia mama ni mbili. Tulifanya hivyo kila Alhamisi kwa miaka minne. Aliugua, akasoma kwa sauti ya chini. Alipolazwa Dodoma alisoma sehemu fupi tu, akaniuliza kama mti umezaa. Ulikuwa umezaa zeituni tatu. Nilimwambia thelathini.

Rekodi za mzeituni ule zote zipo, bosi hafuti kitu. Nikitaka naweza kuzifungua na kuona ngazi zikipangana wiki kwa wiki, mwaka kwa mwaka, hadi Alhamisi moja ya mwaka 2017 ambayo haina ngazi. Mstari unashuka tu, unapita Ijumaa, unapita Jumamosi, unaendelea kushuka hadi siku niliporudi kutoka mazikoni Kondoa. Bosi alikuwa ameuona wiki ile yote na hakumruhusu mtu yeyote aumwagie mti. Aliniambia ilikuwa zamu ya mtu. Safari hii sikuandika ripoti. Kifaa kilikuwa kizima.