Siku Nilipomwita Madame kwa Jina la Duara

Moshi wa impepho hauombi ruhusa. Juzi nilisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, karibu na soko la dawa hapa mjini Durban, kioo cha bakkie, pikapu yangu, kimeshuka, simu sikioni, nikimfokea karani wa bandarini kuhusu kontena lililochelewa. Wale mamama wa Kizulu wanaouza mizizi walikuwa wamewasha kifungu cha yale majani makavu wanayochoma wakiongea na wahenga wao. Moshi ukaingia ndani ya gari. Harufu yake ni tamu yenye uchungu kwa nyuma, kama majani ya shamba yaliyosahauliwa juu ya paa la bati. Nikasahau kontena. Karani akauliza, "Patron, uko?" Sikuwako. Nilikuwa Morningside, nina miaka kumi, nimekaa juu ya mti wa avoka, kaptula imepasuka kwa nyuma.

Kwanza mnijue mimi ni nani. Nina malori tisa. Jina langu limeandikwa kwenye kila mlango kwa rangi nyekundu, herufi kubwa hata mlevi anazisoma. Shule niliiachia darasa la nne, Bukavu, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Vijana wanaofika Durban leo wananiuliza, Patron, ulifanyaje? Nawaambia nilijitengeneza mwenyewe, kwa mikono hii. Wanaitazama mikono yangu, nami nawaacha waitazame. Ninyi, bandugu, nitawaambia kilichobaki, maana karatasi haicheki.

Tulifika Durban mama na mimi, wawili tu. Baba alikuwa amefariki. Mama alipata kazi ya kupika na kufua kwa mwanamke mmoja Mzungu aliyeishi peke yake huko juu Morningside, na kazi ilikuja na chumba cha nyuma ya nyumba, chenye dirisha moja na bomba la maji lililoimba usiku kucha. Mimi shule ilinishinda kabla sijaanza: walitaka karatasi ambazo hatukuwa nazo. Basi nilikuwa nashinda nyumbani, namchotea mama maji, nahesabu meli zinazosubiri nje ya bandari.

Mwanamke yule aliitwa Ruth. Alikuwa mwalimu wa muziki kwenye shule moja ya wasichana ya kanisa, chini kidogo ya mtaa wetu. Mrefu, mwembamba, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Siku ya kwanza aliniambia, "Niite Ruth." Eish! Mama alinifinya sikio hata kabla sijafungua mdomo. "Mukubwa haitwaka jina kavu," alisema, "sawa vile unaita mbuzi." Mama mwenyewe alimwita Madame. Mimi, katikati ya amri mbili, nilichagua kutomwita kabisa. Nikimhitaji nilikohoa. Kwa miezi mingi Madame aliamini nina ugonjwa wa kifua, akawa ananipa asali.

Jumapili fulani fulani walikuja wageni. Nesi mmoja mnene mwenye kucheka sana, Mhindi mmoja fundi wa televisheni, mzee mwenye ngoma, na msichana mwanafunzi wa chuo. Walikwenda nyuma ya bustani, wakatandaza maua chini kwa mduara, wakachoma impepho kwenye kibakuli cha udongo, wakageukia pande nne za dunia wakiita upepo na maji. Mama hakuona shida. "Banaomba," alisema. "Ni shambre yabo, kikundi ya maombi. Weye usiende kule."

Mimi nilipanda mti wa avoka.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa Juni, saa nane mchana, jua la baridi ya Durban, lile linaloangaza bila kuchoma. Yule msichana wa chuo alisimama nje ya mduara peku. Madame alimuuliza, "Nani anakuja?" Msichana akajibu kwa jina ambalo halikuwa lake. Wote ndani ya duara wakalirudia, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaoonja chakula kipya. Kisha wakamgeukia Madame, wakainamisha vichwa, na nikasikia wanavyomsalimia: Ubarikiwe, Ledi Heron. Heron ni korongo, yule ndege wa kijivu anayesimama kwenye maji ya kando ya mto kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya.

Ndipo tawi likavunjika. Nilianguka mimi na avoka saba.

Hawakunifukuza. Nesi alinipangusa magoti, wakanipa keki. Walipoondoka, Madame aliniketisha kwenye ngazi ya jikoni, na kwa Kingereza cha polepole akanieleza. Watu wa imani yake, wanaoheshimu dunia, upepo na maji kama vitu vitakatifu, hujichagulia jina la duara. Unalibeba moyoni mwaka mmoja na siku moja bila kumwambia mtu. Likiendelea kukutosha, unalisema mbele ya wenzako, na tangu hapo, ukiwa ndani ya duara, wewe ni huyo. Yeye alijiita korongo kwa sababu ni mtu wa haraka na maneno mengi, na korongo hana haraka. "Kila wakiniita hivyo," alisema, "nakumbuka kusimama."

Mimi nilishangaa kuliko mnavyofikiri. Kwetu jina unapewa. Bibi ndiye alinipa langu, la kaka yake aliyekufa, na nikiwa mtundu aliniomba radhi mimi kama kaka yake kisha akanichapa kama mjukuu. Kumbe kuna watu wanaojipa wenyewe! Nikataka langu palepale.

Kubeba siri mwaka mzima kulinishinda kabla ya chakula cha jioni. Nilimwendea, nikakohoa, nikamwambia: "Simba."

"Simba yuko hata kwenye pakiti ya chipsi," alisema.

Wiki iliyofuata nilikuwa Radi. Akasema radi inafanya kazi mara moja kisha inalala miezi. Nikaja na Jenerali. Alivua miwani. "Na jeshi amekupa nani?" Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akanishika bega. "Unatafuta jina la kutisha watu. Tafuta la kazi unayotaka kuifanya ndani yako. Na safari hii usiniambie."

Hayo alinifundisha. Lakini kuna jambo moja hakunifundisha, labda alidhani nimelielewa: kwamba jina la mwenzako la duara hulitoi nje. Mimi nilikuwa nimeelewa kitu kingine kabisa. Nilikuwa nimeona wakubwa wanainamisha vichwa wakisema Ledi. Kwetu, mtu anayeinamiwa kichwa ni mwami, yaani mfalme, au mama wa mwami, na ukimjua cheo chake halafu ukamwita vingine, umemtukana mbele ya watu. Hatimaye nilikuwa nimepata namna ya kumwita Madame. Nikaacha kukohoa. Nikangoja nafasi ya kumpa heshima yake mahali penye watu, kama inavyotakiwa.

Nafasi ilikuja mwezi wa tisa. Shule yake ilikuwa na tamasha la nyimbo, na asubuhi ile alisahau nyumbani jalada la muziki. Mama akanivalisha shati jeupe, akanipa jalada, akasema, "Kimbia, na usalimie bakubwa muzuri."

Nilikimbia. Mbele ya ukumbi palikuwa na wazazi wamevaa vizuri, wasichana wenye riboni, padre wa shule, na mwalimu mkuu, mama mmoja mwenye kofia ya maua. Madame alikuwa katikati yao, anatafuta jalada ndani ya mkoba wake. Nikapita katikati ya zile suti. Nikapiga goti moja kwenye saruji, nikanyoosha jalada kwa mikono miwili, nikaangalia chini kama mtoto aliyelelewa, na kwa Kingereza changu bora, kwa sauti ya kufika lango la nje, nikasema salamu yao yote niliyoisikia kutoka juu ya mti: "Ubarikiwe, Ledi Heron!"

Hakuna aliyepiga makofi.

Siku zile magazeti yalikuwa yanapenda sana habari za mashetani, na za wachawi wa Kizungu wenye majina ya siri, na watu waliziamini. Mama mmoja alimvuta binti yake kwa riboni. Padre akauliza taratibu, "Mtoto amekuitaje?" Nikainua macho. Uso wa Madame ulikuwa mweupe kama kile chombo cha choo, nisameheni, ndivyo nilivyouona. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mwema, akamfungulia mlango wa kuponea: "Ni mchezo wa watoto tu, si ndiyo Ruth? Wageni hawa, lugha inawashinda."

Mimi nilikuwa bado chini. Nilielewa lile neno, wageni, na nilielewa nimekosea, ila sikujua wapi. Kila mtu alikuwa ananitazama mimi sasa, si yeye.

Madame akaniangalia. Akasimama, bila haraka.

"Hapana," alisema. "Lugha haijamshinda. Amesema sawasawa, na ametamka vizuri kuliko wengi. Hilo ni jina langu." Akapokea jalada kwa mikono miwili, namna mama yangu alivyopokea vitu, akaniinua, akanishukuru mbele yao wote. Nilirudi nyumbani ninatembea kama Jenerali.

Jioni ile habari zilipanda mtaa wetu haraka kuliko mimi. Mfanyakazi wa nyumba ya jirani alimwambia mama: bosi wako ni mchawi, na amesema mwenyewe. Nikamkuta mama anafunga mizigo, sanduku liko wazi kitandani, chupa ya mafuta ya maombezi mkononi. Alinikokota hadi mlango wa jikoni kuwa mkalimani.

"Muulize. Ni kweli eye ni mulozi?"

Nikauliza. Madame akasema, "Ndiyo, lakini si yule mama yako anayemfikiria."

Kwa hofu nilitafsiri "ndiyo" tu. Mama akanishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi.

"Muulize anakulaka batu!"

Nikauliza, nikiwa nimefumba macho. Madame alifikiri kidogo. "Mwambie mama yako ananipikia kila siku ya Mungu. Je, amewahi kuniona nakula hata kuku?"

Mama akasimama pale, chupa ya mafuta hewani. Nikaona anazipita sufuria zote kichwani mwake, kabichi, dengu, malenge, mayai. Kuku wote wa nyumba ile tulikuwa tumewala sisi wawili.

"Mulozi gani anaogopaka kuku?" alisema hatimaye, na kicheko kikamponyoka kabla hajakizuia. Akarudi kufungua mizigo. Ila Jumapili nilikuwa naenda naye kanisani, na mti wa avoka ulifungwa seng'enge.

Muhula ulipoisha Madame hakurudi shuleni. Nilimuuliza kwa nini. "Nimechoka na wasichana wanaoimba kama paka," alisema, na nilimwamini, maana nilikuwa nimewasikia. Baadaye gari lake dogo la bluu likaondoka na mtu mwingine, akawa anatembea kwa miguu kwenda sokoni, na piano ikatolewa na watu wanne. Nilidhani wakubwa huchoka na vitu. Na kwa sababu sasa alishinda nyumbani, kila asubuhi aliniketisha mezani jikoni. Miaka minne, ndugu zangu. Alinifundisha Kingereza kwa gazeti, ukurasa wa meli: meli gani inaingia, imebeba nini, inatoka wapi. Alinifundisha kusoma karatasi yote, hadi yale maandishi madogo ya chini, kabla ya kuweka sahihi. Nilipoingia bandarini nikiwa kijana nilikuwa mbeba mizigo pekee aliyesoma hati za kontena, na hapo ndipo malori yangu yalipozaliwa. Haya mambo ya mikono yangu mnayosikia ni kweli. Lakini mikono haisomi.

Madame alifariki mzee, mimi nikiwa na malori manne. Wiki moja baada ya mazishi nilikwenda kwa mama, kwenye fleti niliyompangia mjini, nikamkuta anatwanga sombe, majani ya muhogo, kwenye balkoni, majirani wa chini wanagonga dari kulalamika kama kawaida. Nikaanza kumsifu marehemu, na kujisifu mimi mwenyewe humohumo. Nikasema, bahati yangu ni kwamba alichoka na ile shule.

Mama akaacha kutwanga.

"Hakuchoka. Balimufukuza. Juu ya ile jina uliita pale mbele ya batu."

Nilimwambia haiwezekani, ningejua.

"Ungejua na nani? Alinikatazaka. Alinishika mikono pale jikoni, akasema, Mama, mutoto asijue. Ile Kingereza nilisikia bila mukalimani."

Nilihesabu kwa mara ya kwanza: gari, piano, kutembea kwa miguu, zile asubuhi miaka minne. Nikamuuliza mama, kwa sauti ambayo madereva wangu hawajawahi kuisikia, kwa nini hakusema tu kwamba nimekosea. Mwalimu mkuu alikuwa ameshampa maneno mdomoni. Mtoto mgeni, lugha imemshinda, basi. Nani angeumia?

Mama alinitazama kama alivyonitazama siku ile ya sikio. "Si ulikuwa umepiga goti?" alisema. "Batu bote banakuangalia. Angekukana, ungeamuka namna gani?"

Maisha yangu yote nilidhani alikuwa anatetea jina lake. Nikauchukua mchi mkononi mwa mama, nikatwanga ile sombe mpaka ikalainika, na majirani wa chini, sijui kwa nini, siku hiyo hawakugonga tena.